Shuu za kushoto zimeisha, za kulia bado

SWALI: Shikamoo fundi. Nina RAV4 ya 1998, breki za nyuma ni za dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na mteremko wa Kitonga naushuka karibu kila wiki. Siku hizi handbreki mpaka niivute juu kabisa ndo inashika, halafu nikikanyaga breki nyuma kushoto panasaga chuma kwa chuma. Juzi nimesimama Ruaha Mbuyuni rimu ya kushoto inachoma, ya kulia vuguvugu tu. Fundi kafungua kasema shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, za kushoto zimeisha, za kulia bado zina nyama, tubadilishe kushoto tu kuokoa hela. Nimkubalie?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie, na Kitonga usishuke tena mpaka kazi iishe. Shuu zinabadilishwa zote nne, mbili kushoto mbili kulia, maana ukiweka mpya upande mmoja ukibana breki ghafla pande hazishiki sawa na gari inavuta, na wewe unajua zile kona mvua ikinyesha na lori liko mbele yako.

Ila kilichonishtua kwenye barua yako ni ile rimu. Tairi zote mbili zimetembea kilomita zile zile, kwa nini kushoto kuishe? Kuna kitu hakiachii. Mwambie fundi aanze na waya wa handbreki, ukiachia ndani ya gari kile kimkono kwenye shuu ya nyuma kirudi chote, kisiporudi waya umegandia na shuu inasuguliwa safari nzima. Halafu ile silinda ndogo ya juu inayosukuma shuu, achukue bisibisi nyembamba anyanyue mdomo wa raba ya vumbi taratibu. Ndani pawe pakavu. Likichuruzika tone la mafuta ya breki silinda inavuja, ukifunga shuu mpya hapo zitalowa, na shuu iliyolowa haisafishiki jamani, ni ya kutupa. Pistoni nazo azisukume kwa dole gumba, zikigoma kutu imeshaingia. Silinda ikibadilishwa lazima watoe upepo kwenye mafuta ya breki.

Kazi yenyewe sio ngumu. Wazuie tairi za mbele kwa mawe, gari ikae kwenye stendi sio jeki peke yake, handbreki iachiwe. Dramu ikigoma wasiipige nyundo, ina matundu mawili yenye nyuzi, wafunge boliti za spana 12 wakaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Wafungue upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima wa kutazamia springi zinakaa wapi, na ajasta, zile skrubu za kusogeza shuu karibu na dramu, za kulia na kushoto wasizichanganye, nyuzi zake zinapingana. Vumbi wasilipulize kwa kompresa, nyama za shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto na hilo vumbi linaharibu mapafu, waoshe kwa maji ya sabuni.

Dramu ya kushoto imeshasagwa na chuma kwa hiyo ipimwe, kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye dramu yenyewe, ikizidi hapo inunuliwe nyingine. Mwisho wazungushe ajasta mpaka dramu ibane, wairudishe meno machache mpaka usikie shuu inagusa kwa mbaaali ukizungusha kwa mkono, ndo handbreki irekebishwe, sio kabla, wengi wanakimbilia kukaza waya ndo mambo ya rimu kuchoma yanaanzia hapo.

Ukitoka gereji zunguka kwanza humo humo mjini, simama, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili. Kisha niandikie ilikuwa waya au silinda.