Kabla ya Kumngoja Mwekezaji wa Mbali: Niliyojifunza Katika Biashara ya Unga Lubumbashi

Mwaka 2003 baba yangu alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini hapa Kongo, walioacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Alirudi nyumbani kwetu Katuba akiwa na fedha nyingi kuliko zote alizowahi kushika kwa mkupuo mmoja, akanunua basi dogo la abiria na mashine ya kusaga mahindi. Haikupita miaka miwili, vyote viwili vikawa vimeuzwa. Baba hakuwa mlevi wala mvivu. Fedha za mafuta ya basi, za vipuri vya mashine, za karo zetu na za matanga ya jamaa zilitoka katika mfuko mmoja, na hakuna aliyeweza kusema ni kipi kinachomla mwenzake. Mama, ambaye wakati huo alikuwa akiuza unga kwa meka, yaani kwa kopo la kupimia, katika soko la mtaa wetu wa Lubumbashi uitwao Kenya, aliandika kila alichonunua na kila alichouza katika daftari la shule. Meza yake ndogo ndiyo iliyotulisha bukari, yaani ugali, miaka yote iliyofuata.

Ninaanza na habari hiyo kwa sababu kila tunapozungumzia maendeleo ya Afrika tunamtazamia mwekezaji atakayeshuka kwenye ndege katika uwanja wetu wa Luano na sanduku lake. Simpingi mwekezaji huyo, kwani mji wetu wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 kutokana na shaba na reli zilizojengwa kwa mitaji ya mbali. Lakini miaka yangu katika biashara ya unga imenifundisha kwamba mtaji mwingi tayari upo mikononi mwetu, katika likelemba, yaani michango ya kupokezana, za akina mama na katika maghala ya mtaa wa Kampemba, nao haukui kwa sababu haujaandikwa popote.

Niliuona ukweli huo kwa uchungu mwaka 2014. Kampuni moja iliyokuwa ikipika chakula cha wafanyakazi wa migodini ilihitaji mifuko 300 ya unga ya kilo 25 kila mwezi, na mtu tuliyefahamiana naye akanipeleka kwa msimamizi wa ununuzi. Bei yangu ilimpendeza, na unga wangu pia. Kisha akaomba namba yangu ya usajili katika daftari la biashara, namba ya kodi, akaunti ya benki kwa jina la biashara, na mfano wa ankara. Sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na patenti tu, ile leseni ya mfanyabiashara mdogo. Kazi ilipewa mfanyabiashara mwingine mwenye karatasi zake kamili, ambaye alinunua unga katika mashine zilezile nilizonunua mimi, akaongeza faida yake juu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako, ndugu yangu, ni kwamba usisubiri oda kubwa ndipo ukimbilie usajili, kwa maana oda haingoji.

Wengi huogopa kwamba kujiandikisha ni kujipeleka kwa watoza kodi. Ninaielewa hofu hiyo, kwa sababu nilikuwa nayo mimi mwenyewe. Hata hivyo, tangu nchi yetu ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, sheria ya biashara tunayoitumia ni ileile inayotumika katika nchi 17 za Afrika, na mahakama ya pamoja iliyoko Abidjan ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu tafsiri yake. Sheria hiyo inamtambua hata mfanyabiashara mdogo kabisa, ambaye anaweza kuanza kwa tamko la kawaida, bila kuunda kampuni. Anayekua zaidi anaweza kuunda kampuni yenye mwanahisa mmoja tu. Kwa wazee wetu wanaokumbuka tarehe 30 Novemba 1973, siku ilipotangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatagawiwa Wazaire, kama tulivyoitwa Wakongomani wakati ule, hili si jambo dogo. Wao waliona rafu zikibaki tupu na bidhaa zikiadimika, na ndiyo maana hadi leo mwenye fedha, awe mgeni au mwenyeji, huuliza kwanza kama chake kitabaki chake.

Ipo pia sheria ya Februari 2017 kuhusu kazi za ukandarasi mdogo, inayozitengea kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Katika mji unaozungukwa na migodi, mlango huo ni mpana: chakula, usafiri, ushonaji wa sare, ukarabati. Lakini naomba nikuonye kwa moyo wote. Niliwahi kuombwa kuazimisha jina langu, niwe mwenye hisa 51 kwa mia katika karatasi huku fedha na maamuzi yakiwa ya mtu mwingine, nami nipewe bahasha kila mwisho wa mwezi. Nilikataa. Anayekubali hujibebesha madeni na kodi asizozijua, na anaifanya sheria iliyowekwa kwa ajili ya watoto wake isiwafae kitu.

Ukipata oda, soma muda wa malipo kabla ya kusoma bei. Mteja wangu mkubwa wa kwanza alilipa baada ya siku 60, na katika siku hizo mashine yangu ilisimama kwa kukosa mahindi wakati vitabu vyangu vikionyesha faida.

Kuhusu mpaka, sisi wa Lubumbashi tunaishi kwa Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Kongo ni mwanachama wa COMESA na wa SADC, jumuiya za kiuchumi za mashariki na kusini mwa Afrika, na tangu mwaka 2022 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. COMESA ina utaratibu rahisi kwa shehena ndogo, unaotumia hati nyepesi ya asili ya bidhaa kwa vitu ambavyo nchi mbili jirani zimekubaliana. Uliza orodha hiyo kabla ya kununua, na ukumbuke kwamba kusamehewa ushuru wa forodha hakufuti malipo mengine. Serikali zetu zingetusaidia sana kwa jambo moja lisilohitaji mkopo wowote: kubandika hadharani kila malipo halali na kuyapokea kupitia benki tu.

Hata hivyo, mpaka una mipaka yake. Ukame ulipoikumba Zambia mwaka 2024, hadi serikali yake ikatangaza janga la kitaifa, tulikumbuka tena kwamba chungu chetu kinategemea mvua ya jirani. Mimi nilikuwa nimeanza kuweka sehemu ya mtaji wangu kwa wakulima wa barabara ya Kasenga. Msimu wa kwanza nilipoteza, kwa sababu niliwapa fedha mkononi kabla ya mvua, na shida za nyumbani zikazila, kama zilivyozila za baba yangu. Msimu wa pili niliwapa mbegu na mbolea, tukaandikiana idadi ya magunia na siku ya kupimana, na wao wakadai, kwa haki kabisa, kwamba nami niandike bei ya chini nisiyoweza kuishusha. Uwekezaji wa namna hiyo hautangazwi katika mkutano wowote, lakini mahindi yalifika.

Nilipohitaji mashine ya pili pamoja na jenereta ya mazutu, yaani dizeli, ya kuiendesha umeme unapokatika, niliomba mkopo. Sikuwa na nyumba ya kuweka rehani. Nilipeleka hati za usajili na madaftari ya miaka minne, niliyoyaandika kwa mtindo wa mama yangu. Mhusika wa mikopo aliyapekua karibu saa nzima bila kusema neno, kisha akauliza kwa nini mauzo yangu hushuka kila Septemba. Nilimweleza kwamba mwezi huo familia hununua sare na madaftari ya watoto, na waliozoea kuchukua mfuko mzima hurudi kwenye meka. Akavuta fomu na kuanza kuijaza.