Minyoo ya moyo kwa mbwa: jibu linategemea mbwa anaishi wapi

Mkuu uliyeuliza minyoo ya moyo imeenea kiasi gani kwa mbwa duniani, mimi niko Houston, kusini mwa Marekani, na yalinikuta.

Nilichukua jike la kama miaka minne kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Anakula vizuri, manyoya yanang'aa. Baadaye ukimrushia mpira mara tatu tu anakohoa, kikohozi kikavu kama kakwamwa na mfupa. Daktari alidondosha damu kwenye kipimo, na dakika kumi hazijaisha kidoa cha buluu kikajitokeza, yaani minyoo anayo. Niliishiwa maneno.

Takwimu moja ya dunia nzima haina maana hapa. Mnyoo huu unaenezwa na mbu, na ndani ya mbu lava, yaani watoto wa mnyoo, hazikui joto likiwa chini ya nyuzi 14 za Selsiasi. Kwa hiyo penye joto na maji ndipo ulipojaa: majimbo ya kusini mwa Marekani, bonde la mto Po huko Italia, visiwa vya Kanari, kaskazini mwa Australia. Marekani umeonekana katika majimbo yote 50, ila usimweke mbwa wa Louisiana, kusini kwenye joto, kundi moja na wa Montana, kaskazini kwenye baridi. Na mbwa husafiri. Baada ya kimbunga Katrina kupiga Louisiana mwaka 2005, mbwa wengi walipelekwa majimbo mengine, minyoo wakiwa nayo.

Kwa wenzangu wa nyumbani: ukiambiwa damu ya mbwa ina lava, uliza ni lava za mnyoo gani. Pwani ya Kenya kuna pia Dirofilaria repens, unaokaa chini ya ngozi, na Brugia patei, uliopewa jina la kisiwa cha Pate. Hiyo siyo minyoo ya moyo. Na kipimo cha mtoto wa mbwa kikionyesha hana minyoo kisikudanganye, maana mnyoo huchukua miezi sita hivi kukomaa.

Tiba ndiyo iliyonitoa jasho. Vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, mwezi mzima, kisha sindano tatu za melasomini, dawa ya kuua minyoo yenyewe, kwenye misuli ya kiunoni, moja kwanza, mbili baada ya mwezi. Minyoo ikifa vipande huziba mishipa ya mapafu, hivyo mbwa haruhusiwi kukimbia. Wiki kadhaa alikaa kwenye kizimba sebuleni, akinitazama kama mimi ndiye niliyemkosea.

Sasa anapata kinga kila mwezi, tarehe 1. Siku ya kulipa kodi ya nyumba, sisahau.