Jibu: Darasa la Tatu, wengine wanasoma hadithi, wengine bado wako kwenye silabi

Habari mwalimu. Umesema una watoto zaidi ya 80, wachache wanasoma hadithi bila shida, wengi wanakwama kwenye silabi, na muhtasari wa masomo unakusukuma mbele. Unauliza uwafundisheje wote pamoja.

Kabla ya kuwagawa kwenye makundi, angalia macho na masikio yao. Anayenakili vibaya ubaoni huenda haoni, msogeze mbele. Kwa masikio, mwite mtoto kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, uone kama anasikia.

Kisha msikilize kila mmoja akisoma peke yake: silabi, neno, sentensi, aya. Anapokwama ndipo lilipo kundi lake. Alama za mtihani usizitegemee, wapo wanaokariri aya nzima bila kuzitambua herufi.

Kundi la silabi nakaa nalo mwenyewe, na kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi. Ba, be, bi hupita haraka. Mwa, nya, ng'a, mbwa ndizo zinazowaangusha, basi kaa hapo. Wanaosoma wape hadithi na maswali ya kuandika. Na tafadhali, makundi yasiitwe "wazito" na "wepesi", watoto wanaumia. Anayepanda mhamishe siku hiyohiyo.

Asiyeshika kabisa hata muhula ukiisha, mimi humpeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu. Hapo ujuzi wangu haufiki.