Maswali na Majibu: Gari Linachemsha, Je, Ninunue Rejeta?

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu magari yanayochemsha, na karibu zote zinaanza na rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, kana kwamba uchunguzi umekwisha kufanyika. Nimechagua chache.

Nina Corolla ya mwaka 1999. Fundi anasema rejeta imekufa, ibadilishwe. Kwa gari la umri huo, nilipe au nitakuwa ninatupa fedha? (Msomaji, Buzuruga)

Umri wa gari usikuamulie jambo hili. La kwanza ni kujua fundi alifanya kipimo gani kabla ya kuitaja rejeta, na barua yako haisemi. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Mabatini hapa Mwanza, kisha likapoa linapokimbia kuelekea Usagara, mara nyingi lina tatizo la feni: mota yake, relei inayoipelekea umeme, au swichi. Linalochemsha likipandisha kilima cha Bugando au likivuta mzigo kwa mwendo mrefu ndilo lenye dalili ya rejeta iliyoziba ndani. Lakini gari ambalo, likiwashwa asubuhi likiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, linatoa mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta hata baada ya hewa ya kawaida kutoka, huenda linapitisha moshi wa silinda kwenye maji. Hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho chini ya kifuniko cha juu cha injini) kuungua, na ikiwa ndivyo, rejeta mpya haitakusaidia kitu.

Mwambie fundi afunge pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa imepoa, aijaze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, ambacho kwa magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1, kisha mwangalie mshale wa pampu pamoja kwa dakika kumi na tano. Ukishuka, tafuteni mahali penye unyevu au mstari uliokauka wa rangi nyeupe au ya kijani, hasa pale tangi la plastiki la rejeta linapobanwa na aluminiamu. Plastiki iliyokuwa nyeusi ikageuka kahawia imechoka kwa joto, na ufa wake huwa mwembamba kiasi kwamba huonekana tu maji yakiwa na presha.

Kipimo kikiishia kwenye rejeta, lipa bila kusitasita, kwa sababu hedi ya aluminiamu hupinda kwa joto, na kuifungua, kuisaga na kuirudisha kutakugharimu kuliko rejeta. Hata hivyo, dai bei ya kifaa na bei ya ufundi zitajwe kila moja peke yake, na ufundi uwe kazi kamili: kusafisha njia za maji ndani ya injini, kubadilisha mipira ya kupitisha maji iliyovimba au kulainika, kufunga mfuniko mpya wenye namba ileile, kujaza kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na kutoa hewa yote hadi feni ijiwashe na kujizima yenyewe. Fundi anayefunga rejeta mpya kwa mipira ya zamani iliyopasuka amekuachia safari ya pili gereji. Rejeta ya zamani uione kwa macho yako kabla haijaondoka.

Je, naweza kujazia maji ya ziwa? (Msomaji, Nyegezi)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na ningependa wanaoishi kandokando ya ziwa walielewe kuliko wengine wote. Maji ya ziwa yanakuja na tope na mwani, ya visima vingi yanakuja na chumvi, na vyote hivyo huishia kwenye mirija myembamba ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri, lakini soma chupa kwa makini kwa sababu duka hilohilo huuza asidi ya betri. Ukikwama njiani, jaza maji safi ya kunywa, kisha yamwage ukifika.

Wapo wanaoamini kulanti ni ya nchi za baridi. Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha mchemko, na sisi tunaihitaji kwa yote mawili: Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko wenye mpira uliokatika unaweza kulifanya gari zima lionekane bovu, ilhali ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja.

Fundi ametoa thamostati, gari limeacha kuchemsha, lakini sasa linakula mafuta. (Msomaji, Igoma)

Irudishwe. Thamostati ni vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto. Injini isiyofikia joto lake hupewa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, oili yake huchafuka haraka, na vyuma hulika. Zaidi ya hayo, katika injini kadhaa za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji; ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha tena siku ya mzigo. Kutoa thamostati ni desturi mbaya iliyoenea kwenye gereji zetu, na ninawaomba mafundi wanaosoma hapa waiache. Ikiwa ilikwama, dawa yake ni mpya. Itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto uone inavyofunguka. Nyingi huanza kwenye nyuzi 82 hivi.

Nitie bizari ili kuziba tundu? (Msomaji, Sengerema)

Usitie bizari, yai, sabuni wala unga wowote, kwa maana hakuna kinachoziba tundu bila kuziba na mirija mizima.

Gari langu ni otomatiki. Maji yamegeuka rangi ya waridi kama maziwa, na gia zinateleza. Nibadilishe rejeta tu? (Msomaji, Ilemela)

Acha kuliendesha leo. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya gia hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, na ukuta unaoitenganisha na maji ukitoboka, kila kimoja huingia kwa mwenzake. Rejeta itabadilishwa, ndiyo, lakini gia boksi inapaswa kumwagwa na kusafishwa mara kadhaa kabla ya kutembezwa, kwa kuwa maji hubandua gundi ya sahani za klachi. Kila kilomita unayoongeza sasa inapunguza nafasi ya kuiokoa. Fundi akikuambia abadilishe rejeta kisha "tuone", tafuta fundi wa gia.

Rejeta ni mpya, nimepima kila kitu, bado gari linachemsha nikitoka Magu usiku. (Msomaji, Kirumba)

Umepima ndani, sasa angalia nje. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kwa makundi mazito, huvutwa na taa za magari na kunasa kati ya rejeta na kondensa, kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele yake, mahali ambapo ukisimama mbele ya gari huwezi kupaona. Mwombe fundi alegeze vishikizo vya juu na kuisogeza rejeta nyuma kidogo, kisha apitishe maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele. Asitumie mashine ya presha kubwa, kwa sababu mapezi, yaani vibati vyembamba vya aluminiamu kati ya mirija ya rejeta, hulala kwa urahisi na yakilala hayapitishi upepo. Kazi hiyo ifanyike injini ikiwa baridi kabisa, na mfuniko usiguswe kabla mpira wa maji wa juu wa rejeta haujashikika kwa mkono mtupu.