Jibu: Kwa nini Dez Bryant alinyimwa mpira ule?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini Dez Bryant, mdakaji wa Dallas Cowboys katika NFL (ligi ya soka la Kimarekani), alikataliwa mpira aliodaka dhidi ya Green Bay Packers Januari 2015, ilhali siku hizi mipira ya namna ile inapita.

Angalia kwanza mwaka wa mechi. Mabishano mengi huwa nayamalizia hapo. Kabla ya 2018, aliyedaka huku akianguka alilazimika kuumiliki mpira mpaka anguko liishe. Bryant aliruka, akadaka, akapiga hatua akiyumba, akanyoosha mkono kuelekea mstari wa goli. Mpira ukagonga nyasi, ukaruka, akaunyaka tena. Refa alikubali, marudio ya video yakakataa. Naumia mpaka leo, ila refa simlaumu. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu.

Desemba 2017 Jesse James wa Pittsburgh Steelers akakutwa na yaleyale, na 2018 sharti hilo likafutwa. Sasa mdakaji anatakiwa aumiliki mpira, aguse chini ndani ya uwanja kwa miguu miwili au sehemu nyingine ya mwili isiyo mikono, kisha hatua ya tatu, au kunyoosha mkono, au awe na muda wa kufanya hivyo. Huo muda ndio unaozua ugomvi bado, maana hupimwa kwa jicho. Ukirudia video, punguza kasi, hesabu miguu kabla ya kutazama mpira unavyotikisika.