Maswali yenu: kitabu kimoja, matoleo mengi

*Tunachapa vitabu vya kiada. Kosa moja likigunduliwa tunalisahihisha kwenye faili la kupiga chapa, kwenye kitabu pepe, kisha kwenye kitabu cha mwalimu. Hakuna njia nyingine?*

Ipo. Tatizo ni kwamba mnahifadhi mwonekano wa ukurasa, siyo muundo wa maandishi. Katika faili lenu kichwa cha zoezi ni herufi nene tu. Kompyuta haiwezi kujua kwamba hilo ni zoezi. Katika lugha ya alama kama XML, ambayo hutaja kila kipande cha maandishi ni nini, zoezi linawekewa lebo ya zoezi, jibu lebo ya jibu, na maelekezo ya mwonekano yanakaa kwenye faili la pembeni. Hapo toleo la mwanafunzi linatolewa bila majibu, la mwalimu likiwa nayo, yote kutoka chanzo kimoja. Sahihisho mnalifanya mara moja, kisha mnayatoa matoleo yote upya. Fikra hii ni ya zamani: Charles Goldfarb na wenzake wa IBM walianza GML, lugha ya alama ya awali, mwaka 1969, ikazaa SGML, kiwango cha ISO (shirika la kimataifa la viwango) tangu 1986, na XML ikafuata mwaka 1998. Kwa vitabu vya kiada ningeangalia DocBook, seti ya lebo za XML iliyo tayari, kwanza, kwa kuwa ina lebo za maswali na majibu.

*Markdown haitoshi?*

Markdown ni njia nyepesi ya kuweka alama chache ndani ya maandishi ya kawaida. Kwa riwaya, inatosha kabisa. Unaandika, kisha Pandoc, programu ya kugeuza mafaili, inakutolea EPUB, yaani faili la kitabu pepe. Lakini haina lebo yake ya jibu la mwalimu, na mkianza kubuni alama zenu wenyewe, kila mhariri atakuwa na zake.

*Wahariri wangu wanaogopa lebo. Nifanyeje?*

Usiwalazimishe kuziona. Waendelee na Word, ila watumie mitindo yenye majina: kichwa cha sura, zoezi, dondoo. Anayekoleza herufi kwa mkono arudishiwe kazi yake. Katika hili msilegeze kamba hata kidogo, maana mtindo usiotumika hauwezi kugeuzwa lebo. Wakitaka kushangaa, nakilini faili moja la Word (docx), mbadilishe mwisho wa jina kuwa zip, mlifungue. Ndani mtakuta XML, waliyokuwa wakiiandika siku zote.

*Kitabu chetu pepe kinakata “kinyume” kuwa “kin-yume” mwishoni mwa mstari. Mbona?*

Yaelekea faili halikutaja lugha, au limetaja Kiingereza. Wekeni msimbo “sw” kwenye lebo ya juu kabisa, na “en” kwenye vifungu vya Kiingereza pekee. Msimbo huo pia huiongoza programu inayowasomea kwa sauti wasioona, nao wanastahili kusikia Kiswahili kikitamkwa Kiswahili. Kisha hakikisheni programu yenu ina kanuni za kukata silabi za Kiswahili. Kama haina, zimeni ukataji wa maneno kabisa. Ukingo wa kulia usionyooka unavumilika. “Kin-yume” mbele ya mtoto anayejifunza kusoma haivumiliki.