Nimefunga kizazi, lakini mimi si maksai

Utingo wangu ndiye aliyenipa jina. Siku ya nne baada ya kufunga kizazi nilipanda lori kwenda Tunduma, na kila nilipokanyaga klachi uso ulijikunja wenyewe. Akanitazama weee, kisha akasema, "Suka, ndiyo umeshakuwa maksai?" Kijiwe kizima kikalidaka. Mpaka leo kuna madereva wananiita Maksai, na mimi naitika.

Ila jina limekosewa. Maksai huondolewa korodani au hupondwa mishipa yake. Zangu zipo zote mbili, zinatengeneza mbegu kama zamani, na homoni ya kiume inaingia kwenye damu kama kawaida. Kwa hiyo hamu ipo, na shughuli inafanyika. Kilichoguswa ni mirija miwili myembamba inayopitisha mbegu kutoka kwenye korodani. Daktari alinichoma sindano ya ganzi, hiyo ndiyo iliyouma, akatoboa tundu dogo kwenye mfuko wa korodani, akauvuta mrija nje kidogo, akaukata na kuufunga, kisha akahamia wa pili. Haikufika nusu saa. Sikushonwa hata uzi mmoja, maana siku hizi wengi hutumia mbinu isiyohitaji kisu, iliyobuniwa China mwaka 1974 na daktari Li Shunqiang. Mbegu zinazoendelea kutengenezwa huzeeka na kufyonzwa na mwili. Na kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, kwa macho huoni tofauti yoyote.

Uamuzi ulianzia kwa mama watoto. Tuna wanne, wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji. Vidonge vilimpandisha presha, sindano ikamvuruga siku zake, kitanzi hakukitaka. Nesi akatuambia naye anaweza kufunga, ila kwake lazima tumbo lifunguliwe. Nikamtazama mke wangu na kovu lake, nikasema basi, safari hii zamu yangu. Nilikuwa na hakika. Kama wewe huna, subiri kwanza. Kufungua tena kupo, lakini ni upasuaji mgumu, wa gharama, na mtoto haji kwa uhakika. Usiende ukiwa umetoka kugombana na mtu, wala kwa sababu mfuko umekauka mwezi huu.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Wanaume wengi wanadhani siku ya kukatwa ndiyo siku ya kumaliza. Hapana. Juu ya pale palipokatwa kuna mbegu ambazo zilishapita, bado ziko njiani, na zinaweza kumpa mtu mimba. Kwa hiyo nesi alinipa kondomu na kuniambia: miezi mitatu mnatumia hizi, au mama aendelee na njia nyingine, halafu unaleta shahawa tuzipime. Isipoonekana mbegu, ndipo uko huru.

Mimi nikasikia "miezi mitatu" tu, basi. Lakini fikiria maisha ya dereva. Nyumbani nalala siku tatu, njiani wiki tatu, na foleni ya Tunduma ikikaza hata zaidi. Mbegu zilizobaki hutoka kwa kumwaga, kwa hiyo miezi mitatu ya kalenda ilipita huku njia yenyewe haijasafishwa ipasavyo. Nilipopeleka kikopo, nimekificha ndani ya koti kwenye bajaji ili kisipoe, kijana wa maabara akarudi na karatasi: mbegu bado zipo. Niliondoka nimenuna. Kama ningeamini kalenda, wa tano angekuwa njiani. Nilirudi baada ya wiki sita.

Tofauti ya kupima na kutopima inaonekana kwenye hesabu. Wanaume wakithibitishwa kwa kipimo, mimba ni kama 2 kwa wanawake 1,000 katika mwaka wa kwanza. Pasipo kipimo hupanda hadi 2 au 3 kwa kila wanawake 100. Kondomu, kwa jinsi watu tunavyozitumia kiukweli, leo ndiyo kesho hapana, ni kama 13 kwa 100. Ukipima, ni vigumu kupata njia inayoishinda hii. Usipopima umeipunguza nguvu mwenyewe.

Namjua mwenzetu mmoja ambaye hakupima. Mke akapata mimba mwezi wa nne tangu jamaa afunge. Jamaa akarusha masufuria nje, akamwita malaya mbele ya wakwe, akaapa kwamba yeye amefungwa. Ndugu mmoja mwenye busara akamshika mkono mpaka zahanati. Kikopo kikajibu: mbegu kibao. Aliomba msamaha, lakini maneno yaliyosemwa mbele ya mama mkwe hayarudi kirahisi. Hata aliyepimwa akakutwa hana, mara chache sana mirija hujiunga yenyewe baadaye. Mke akishika mimba, nenda ukapime wewe kabla hujafungua mdomo.

Madogo madogo sasa. Nyoa kabla. Vaa chupi ya kubana, isiyo na mchezo, kwa siku kadhaa. Pumzika siku mbili kamili, na mizigo mizito uiache wiki nzima. Mimi sikutii, nikavimba, nikarudi nyumbani kulala chali na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Tendo la ndoa lisubiri mpaka maumivu yaishe. Uvimbe ukizidi kukua, homa ikaja, au usaha ukatoka, rudi ulikotibiwa siku hiyo hiyo. Wapo wachache, kama mmoja au wawili katika mia, ambao maumivu huwakaa kwa miezi. Waulize wahudumu kuhusu hilo kabla ya kusaini. Wangu hakunigusia mpaka nilipouliza.

Na madereva wenzangu, tuambizane ukweli wa barabarani. Kufunga kizazi hakuzuii Ukimwi, kisonono wala kaswende. Mirija haihusiki hapo kabisa.

Kipimo cha pili kilikuwa safi. Kijana wa maabara alisema "hakuna iliyoonekana" kwa sauti kubwa mno, foleni nzima ikageuka. Nilimpigia mama watoto nikiwa bado mlangoni, akauliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Kondomu zilizobaki nilimpelekea utingo, akazipokea kwa haraka ambayo sijawahi kuiona hata siku ya posho.